Barua kwa mwanangu: uso wa shangazi yako

Mwanangu,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nilishindwa. Siku ya harusi ya dada yako uliondoka hata pilau haijaletwa, ukaniambia shangazi amekununia tangu ulipoingia. Nilikukatalia palepale, tena kwa ukali. Nilikosea. Ulichokiona usoni mwake kilikuwepo.

Tulipotoka kwa mwanasaikolojia ulishika neno moja tu, skizotipia, yaani mwelekeo wa tabia unaofanana kidogo na skizofrenia, ukaona umeshaambiwa una skizofrenia yenyewe, ule ugonjwa wa akili wa kusikia au kuamini yasiyokuwepo. Sivyo, mwanangu. Tangu mwaka 1962 Paul Meehl, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza kuwa mtu anaweza kuwa na mwelekeo huo maisha yake yote asiugue, na wengi wanaishi hivyo. Lile dodoso la maswali 74 ulilojaza lilitungwa na Adrian Raine mwaka 1991. Linapima tabia: kushuku, wasiwasi mbele za watu, kuhisi kwamba wanaozungumza pembeni wanakusema wewe.

Nikaanza kusoma usiku, mmekwisha kulala. Ndani ya ubongo, upande wa sikio, kuna kisehemu chenye umbo la lozi, amigdala. Hicho huhisi hatari kwenye nyuso za watu hata kabla hujapata muda wa kufikiri. Uso wenye hasira hauna mashaka, kila mtu anaujua. Shida iko kwenye uso mkavu, usiosema kitu. Tafiti zimeona kwamba watu wenye tabia kama zako, hasa wenye kushuku, huelekea kuuona uso huo umekasirika. Hapo sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji, ndiyo inayotakiwa kuituliza amigdala: ngoja, labda amechoka tu. Picha za MRI, zinazopigwa ubongo ukiwa kazini, zimewahi kuonyesha sehemu hiyo kwa watu kama wewe ikijitahidi kuliko kwa watu wengine, na bado amigdala isitulie ipasavyo.

Nilipofika hapo nilishindwa kuendelea. Nilikukumbuka unavyorudi kutoka msibani, umechoka kama uliyeshusha magunia, unajifungia chumbani, nami nasimama mlangoni nakuita mvivu. Kumbe ulikuwa kazini mchana kutwa. Nisamehe, baba.

Shangazi yako nimemuuliza. Jino lilimwuma siku tatu mfululizo, akanyamaza asije akaharibu shughuli ya watu. Kwa hiyo maumivu uliyaona, pengine wewe peke yako ukumbi mzima. Wengine tulikuwa tunapiga vigelegele. Ila uliyachukua ukayafanya hasira juu yako.

Siku nyingine uso wa mtu ukikutisha, usiondoke kwanza. Njoo nilipo, hata nikiwa jikoni na wapishi, uniulize, "Mama, yule umemwonaje?" Nitakwambia ninavyomwona, na kama kweli amekasirika sitakuficha.

Jino ameling'oa juma lililopita. Anauliza utakuja lini.

Mama yako