Rasimu isiende kwa mchapaji kwanza

Sahibu yangu,

Salamu nyingi, na radhi kwa kimya. Huku hatujambo. Mengine baadaye, maana nina haraka: kama ile tafsiri yako ya kumbukumbu za mabaharia haijafika kwa mchapaji, izuie. Kama imefika, kimbia ukaichukue.

Shida ni sura ya tatu. Umeandika kwamba meli ya kufagia mabomu, yaani yale yaliyotegwa baharini, "huyalipua kwa waya". Waya hailipui kitu, inakata. Bomu la kugusa huning'inia chini ya uso wa maji, limefungwa kwa kamba ya chuma kwenye uzito uliolala chini kabisa. Waya ya kufagia, iliyosukwa ikawa na makali kama msumeno, inaikereza ile kamba, bomu linaibuka, ndipo mabaharia wanalimiminia bunduki. Na mara nyingi hata hapo halilipuki: ganda linatoboka, maji yanaingia, linazama. Kulilipua mpaka ipigwe mojawapo ya pembe zilizochomoza kwenye ganda lake, ambazo ni za madini ya risasi na ndani mna kichupa cha tindikali. (Risasi ya pembe na risasi ya bunduki umezichanganya ukurasa mzima. Nimecheka, lakini msomaji atapotea.)

Halafu fisi-maji! Sahibu, hakuna mnyama aliyetupwa baharini. Kwa Kiingereza "otter" ni fisi-maji, lakini hapa ni kifaa, ota, fremu ya chuma yenye vibapa vilivyokaa mshazari. Maji yakiisukuma inakimbilia nje, mbali na ubavu wa meli, ikiivuta waya. Mpangilio mzima unaitwa Oropesa, jina la meli ya uvuvi iliyotumika kuubuni. Kwanza linateremshwa boya lenye umbo la samaki mnene. Chini yake inafungwa ota, na urefu wa waya kati ya hivyo viwili ndio unaopanga kina cha upande wa nje. Kisha winchi inaachia waya ya kufagia, mamia ya mita, yenye makasi hapa na pale. Mwisho, nyuma tu ya tezi, inashushwa tiara, ndugu yake ota ila huyu amelazwa ili azame badala ya kwenda pembeni. Bila tiara, waya ya karibu na meli ingepanda juu na kupita kichwani mwa bomu.

Yote yanategemea mwendo. Meli ikizubaa, ota inalegea, waya inashuka na kunasa mabaki ya meli zilizozama. Ikinasa inakaza, na ikikatika inarudi sitahani kama mjeledi. Yule mzee wa winchi kwenye kumbukumbu hizo anasema mara nne "usisimame ndani ya kitanzi cha waya". Wewe umefuta tatu, nadhani ukaona ni uzee. Zirudishe zote.

Kuikusanya ndiko kubaya zaidi, nako umekupitia kwa mstari mmoja. Kamba ya bomu inaweza kunaswa na makasi isikatike, basi bomu linakuja likivutwa na winchi yenu wenyewe, polepole, hadi tezi. Kwa hiyo kabla ota haijatoka majini winchi inasimamishwa na mtu anachungulia. Akiliona, waya inakatwa na kila kilichofungwa juu yake kinaachwa baharini. Ni vifaa vya thamani, lakini hapo hakuna anayebisha.

Mengine kwa ufupi. Meli za kufagia mabomu za Waingereza za aina ya Ton, zile za miaka ya 1950, hazikuundwa kwa mbao kwa sababu ya ubahili. Mahogani juu ya mataruma ya alumini ni kwa ajili ya bomu la sumaku, ambalo halisubiri kuguswa, linasikia chuma kikipita juu. Waingereza walilijua vizuri Novemba 1939, lilipofunguliwa moja lililoangukia tope la Shoeburyness. Hilo hulala chini bila kamba, basi waya itakate nini? Linadanganywa kwa nyaya za umeme zinazoelea nyuma ya meli. Na yapo yaliyotegwa yahesabu meli, yaache kadhaa zipite kwanza. Ndiyo maana mabaharia wanalalamika kurudia njia ileile mchana kutwa. Nahodha hakuwa amechanganyikiwa, kama tanbihi yako inavyodokeza.

Na ukurasa ule unaosema "wakapiga magoti", wakaonekana wanasali! Walikunja magoti. Mlipuko wa chini huirusha sitaha juu, na aliyesimama kakakaka anavunjika miguu. Huenda waliosali pia walikuwepo, lakini hilo si alilosema mzee.

Sasa nijibu. Mchoraji keshaanza? Kachora ota na tiara, au kachora wavu wa samaki? Yule mjomba wako wa bandarini kaisoma sura ya winchi? Na wewe, nani alikwambia "tezi" ni neno la kizamani mpaka ukaandika "sehemu ya nyuma ya meli" mara kumi na tisa? Mchapaji anaweza kungoja hadi Jumatatu? Nitumie sura ya nne kabla hujaigusa, ile ya nyundo ya kudanganyia mabomu ya sauti. Naogopa umeipeleka kwa seremala.

Wako,
Yuleyule wa masahihisho