"Inaingia" si kipimo cha tairi la Subaru

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nizungumze na wenye Subaru Impreza WRX na STI za kati ya 2001 na 2007, magari ambayo sasa ni nadra kuyakuta na rimu yalizotoka nazo kiwandani. Dukani neno linaloamua tairi gani lifungwe ni moja tu: "inaingia". Muuzaji anatazama rimu, anaona 17, anachomoa tairi la 17, linaingia, mteja analipa na kuondoka. Lakini hiyo 17 ni ukubwa wa tundu la tairi kwa inchi, pale linapokaa kwenye rimu. Haisemi tairi likishajazwa upepo litakuwa na kimo gani, na kimo ndicho difu, breki na mshale wa spidi vinachokijua.

Chukua STI ya 2002, iliyotoka na 225/45R17. 225 ni upana kwa milimita. 45 ni asilimia ya upana huo, nayo ndiyo kimo cha ubavu: 225 mara 0.45 ni milimita 101. Inchi 17 ni milimita 432. Jumlisha rimu na mbavu mbili, ya juu na ya chini, unapata kipenyo cha milimita 634. Hiyo 634 iandike kwenye simu yako kabla hujaenda dukani.

Sasa pima yale unayoletewa. 215/45R17 lina 625, limepungua kwa asilimia 1.4. 235/45R17 lina 643, limezidi kwa kiasi hichohicho. 225/50R17, ambalo muuzaji atakwambia ni "lilelile ila nene kidogo", lina 657, limezidi kwa asilimia 3.5. Kwa gari la kawaida mafundi wengi hukubali tofauti ya hadi asilimia 3, kwa hiyo hilo la mwisho limeshavuka. Mshale ukisoma 50, gari linakwenda karibu 52. Kwa kuwa spidomita nyingi hutoka kiwandani zikizidisha kidogo, trafiki mwenye tochi huenda asikukamate kwa hilo. Kwenye tuta, gari likiwa na watu wanne, tairi hilo linaweza kugusa plastiki ya ndani ya madigadi.

Upana nao una mpaka wake. Rimu ya STI hiyo ni inchi 7.5. Tairi la 225/45 hukubali rimu ya kuanzia 7 hadi 8.5, lakini 245/40R17 linataka 8 hadi 9.5. Ukililazimisha kwenye 7.5 litaingia, tena bila shida. Litavimba ubavuni, katikati ya kashata, yaani meno yanayokanyaga barabara, kutakuwa na mgongo, tairi litalika katikati peke yake, na kwenye kona usukani utachelewa kuitikia. Mwenye gari amelipia upana zaidi na amepata mshiko mdogo zaidi.

Hayo yote yanayahusu magari mengi. Subaru lina la kwake, nalo ndilo linalokula pesa. Magurudumu yote manne yanavuta muda wote, na kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna difu ya kati. Kazi yake ni kuruhusu mbele na nyuma zizunguke kwa mwendo tofauti gari likikata kona. Kona huisha baada ya sekunde chache, difu ikapumzika. Tofauti ya matairi haiishi. Weka 225/45R17 mbele na 235/45R17 nyuma: kwa hesabu ya karatasi, mbele zitazunguka mara 502 kwa kilomita na nyuma mara 495. Ni mizunguko saba tu, mtu anaweza kuicheka. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, kilomita kama 190, ni zaidi ya mizunguko 1,300 ambayo difu imeibeba kwenye barabara iliyonyooka.

Kwenye WRX ya gia za mkono, difu hiyo ina kifungio cha sahani nyembamba zilizozama kwenye mafuta mazito ya silikoni. Sahani zikizungushwa kwa mwendo tofauti bila kupumzika, mafuta yanapata joto na kutanuka, na mwisho kifungio kinashika moja kwa moja. Dalili yake ni hii: ukirudisha gari nyuma kwenye maegesho huku usukani umekatwa hadi mwisho, gari linakaza na kurukaruka kana kwamba kuna mtu amekanyaga breki. Wapo wanaobadilishiwa klachi na ekseli za mbele kwa dalili hiyo, na tatizo linabaki palepale.

Na usidhani namba zikifanana ubavuni umepona. Tairi moja limepasuka, matatu yaliyobaki yana kashata za milimita 4, unanunua moja jipya la saizi ileile lenye milimita 8. Kila milimita moja ya kashata ni zaidi ya milimita 6 za mzingo, kwa hiyo jipya limezidi wenzake kwa milimita 25. Huko Marekani wateja wa Subaru huambiwa tofauti ya mzingo kati ya matairi manne isizidi robo inchi, yaani milimita 6 na ushei. Umezidisha mara nne kwa kununua tairi "sawa". Tena viwanda hutofautiana: 225/45R17 ya kampuni moja inaweza kuwa ndefu au fupi kuliko ya nyingine kwa milimita kadhaa. Nunua manne kwa pamoja, kampuni moja, muundo mmoja. Ukilazimika kununua moja, tafuta lililotumika lenye kashata zinazolingana na za wenzake, na usome tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba ya kiwandani iliyochapwa ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri lakini lililokaukia stoo halifai gari la mwendo.

Kupima mzingo ni kazi ya dakika kumi. Jaza matairi yote upepo sawa, inua gari, zungushia kamba isiyovutika katikati ya kashata, weka alama, kisha unyooshe kamba kwenye futi ya chuma. Futi ya fundi cherehani haifiki. Ina sentimita 150 na mzingo wa tairi hili ni kama 199.

Atatokea wa kuniuliza mbona Nissan GT-R ya R35 nayo huvuta magurudumu yote, na mbele ina 255/40R20, nyuma 285/35R20. Ni kweli. Piga hesabu uone: 712 kwa 707.5, tofauti ya asilimia 0.6, na waliounda gari waliipangia mfumo mzima. Si sawa na kuokoteza mawili ya mbele na mawili ya nyuma. Mwenye Toyota Altezza ana nafasi zaidi, kwa sababu linavuta nyuma tu: 215/45R17 mbele na 235/40R17 nyuma zinapishana kwa asilimia isiyofika moja. Hasara yake ni kwamba hutaweza kuzungusha matairi kutoka mbele kwenda nyuma.

Nikija kwenye rimu, STI hadi 2004 zina PCD ya 5 kwa 100, yaani boliti tano kwenye duara la kipenyo cha milimita 100. Za 2005 na kuendelea ni 5 kwa 114.3, wakati WRX za kawaida zilibaki na 100. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni tundu la katikati ya rimu, linalokaa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Habu ya Subaru ina milimita 56.1. Toyota zenye PCD ya 5 kwa 100, kama Wish na Caldina, rimu zake zina tundu la 54.1. Hazikai mpaka zichongwe, na mtu akikazia nati hivyohivyo rimu haijagusa habu. Rimu za madukani nyingi zina 73.1, zinapwaya, zinahitaji pete ya kujazia ya 73.1 kwa 56.1, bila pete, usukani unatetemeka kwenye mwendo wa juu hata tairi likibalansiwa mara tatu. Nati nazo si za kuazimana: Subaru ni M12 kwa 1.25, Toyota ni M12 kwa 1.5; unene ni uleule wa milimita 12, ila nafasi kati ya nyuzi ni tofauti. Ya Toyota itashika mizunguko miwili kwenye boliti ya Subaru, na fundi mwenye bunduki ya upepo atamalizia kwa nguvu. Boliti imeshakufa hapo, na haitatoa taarifa siku ya kukatika. Nati za rimu za aloi za Toyota, zenye washa bapa, hazikai kwenye tundu lililochongwa kwa nati ya koni.

Kisha ofseti, ile namba ya ET: milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaokaa kwenye habu. Rimu ya STI ni 7.5 ET53. Ukifunga 8.5 ET40, upande wa nje umesogea milimita 26, nusu kwa sababu ya upana na nusu kwa sababu ya ofseti, na kwa ndani haujasogea. Hiyo itakata madigadi. 8.5 ET48 inatoka nje milimita 18 na kuingia ndani karibu 8, basi pima nafasi iliyopo kati ya tairi na shokapu kabla ya kulipa.

Kwa barabara zetu wapo wanaotaka kushuka hadi 16 wapate ubavu mnene, na nawaunga mkono: 205/55R16 lina kipenyo cha 632, na ubavu wake unazidi wa 225/45R17 kwa milimita 11 na nusu. Lakini ni kwa WRX tu. STI yenye kalipa za Brembo, rimu nyingi za 16 zinagonga kalipa.

Wanaopanda 18 wachukue 225/40R18, kipenyo 637. Ubavu umebaki milimita 90, na matairi haya mengi huandikwa XL, yaani yameimarishwa kwa mzigo wa ziada. Hayo hubeba mzigo wake kwa upepo mkubwa zaidi. Tairi lenye namba ya mzigo 92 XL likijazwa psi 32 hubeba pungufu kuliko la 91 la kawaida kwa psi hizohizo. Ongeza kama 4 juu ya kibandiko cha mlangoni, na upime asubuhi kabla gari halijatembea.

Kabla tairi halijavalishwa, funga rimu tupu na uizungushe kwa mkono. Iache kalipa kwa milimita 3 au zaidi, ukikumbuka risasi za kubalansi zinazobandikwa ndani. Kisha na tairi: weka jeki chini ya mkono wa chini wa saspensheni, inua mpaka springi ijibane, kata usukani kulia na kushoto. Paka chaki kwenye ukingo wa madigadi, pakia watu wanne, pita kwenye tuta. Chaki ikifutika, tairi limegusa. Kaza nati kwa mtindo wa nyota kwa spana ya kipimo, na uzirudie baada ya kilomita 50 hadi 100.

Wauza matairi yaliyotumika wa Ilala na Kariakoo nina ombi kwenu: pamoja na bei, andikeni kwa chaki ubavuni kina cha kashata kwa milimita. Geji yake ni ndogo, inakaa mfukoni, na mwenye Subaru anayehitaji tairi moja atajua la kuchagua bila kupakua rundo zima.

Fundi wa magari,
Ilala, Dar es Salaam