Barua kwa mwanangu aliye Addis Ababa

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, baba. Sisi hatujambo, na salamu zako zimewafikia wote. Barua yako nimeisoma yote, pamoja na yale maneno uliyoyapigia mstari, kwamba huko Ethiopia kila kitu ni kinyume na kwetu. Nimekuelewa, lakini mimi niliishi Addis Ababa kabla hujazaliwa na sikubaliani nawe. Unalinganisha vibaya. Unaichukua Ethiopia unayokutana nayo kila siku, yenye mwenye nyumba, foleni za mabasi na chakula usichokizoea, kisha unaipambanisha na Tanzania unayoiota ukiwa na hamu ya nyumbani. Kwa mtindo huo Ethiopia itashindwa kila siku, hata ikufanyie nini.

Mbona saa hukuitaja? Wazungu wakifika Addis husumbuka wiki nzima, wewe hukusumbuka hata kidogo, kwa sababu Mhabeshi huhesabu saa kuanzia macheo kama bibi yako. Nchi zote mbili haziko mbali na Ikweta, jua huchomoza karibu wakati uleule mwaka mzima, basi siku huanzia pale mtu anapoiona inaanza. Tofauti ni kwamba sisi tunasema saa yetu huku mkononi tumevaa ya wengine: mshale uko kwenye saba, mdomo unasema saa moja. Wao wengi huuweka mshale wenyewe kwenye moja. Ukizungumza nao Kiingereza, uliza wanakusudia saa ipi, hasa mnapopanga kwenda uwanja wa ndege.

Kalenda yao ndiyo iliyokuchekesha. Kweli, miezi 12 yenye siku 30 kila mmoja, kisha Pagume, mwezi wa 13 wenye siku tano au sita, na miaka iliyo nyuma ya yetu kwa saba au minane. Mwaka wao wa 2000 waliukaribisha Septemba 2007. Lakini kabla hujacheka, kumbuka Makunduchi, kusini mwa Unguja, ambako kila Julai watu huadhimisha Mwaka Kogwa: wanaume wa pande mbili hupigana kwa migomba ili chuki za mwaka ziishe, kibanda cha makuti huchomwa moto, na mwaka mpya ukaanza bila kuiuliza kalenda ya ukutani. Nasi tulikuwa na mwaka wetu, mwanangu. Wa Ethiopia ulipata kanisa na dola la kuutetea, ukabaki kwenye vyeti, mabenki na magazeti. Wa kwetu uliachiwa wavuvi na wakulima wa pwani, ukawa sherehe ya kutazamwa na watalii.

Majina utayazoea. Jina la pili ni la baba tu, halina ukoo ndani yake, na mke hachukui la mumewe. Ndiyo maana waziri mkuu wao huitwa Abiy, wala si Ahmed, ambaye ni baba yake. Profesa wako mwite kwa jina lake la kwanza pamoja na cheo. Huko si utovu wa adabu.

Sasa kahawa. Umeandika kwamba mama mwenye nyumba anakupotezea muda, unaitwa kunywa kahawa na unakaa saa nzima na zaidi wakati una mitihani. Hapo umenishangaza. Huyo mama anakaanga buni mbichi mbele yako, anakupitishia moshi wake uunuse, anatwanga, anachemsha kwenye jebena, lile birika lao la udongo, anakumiminia mara tatu: abol, tona, kisha baraka. Ukinyanyuka baada ya kikombe cha kwanza umemwambia kwamba ulifuata kinywaji tu. Kwetu Kagera mgeni hupewa kahawa ya kutafuna, na hakuna anayelalamika kwamba taya limechoka.

Linganisha na pwani yetu uone jambo ambalo hukuliona. Kahawa chungu ya barazani ni ya nje na ni ya wanaume. Muuzaji anapita na birika na vikombe vyake, wazee wanacheza bao, siasa ya nchi inapangwa upya kila jioni. Mwanamke akipita hapo hupunguza macho na kuongeza mwendo. Ethiopia kahawa iko ndani na iko mikononi mwa wanawake. Habari za mtaa, nani anaumwa, mtoto wa nani kaacha shule, ugomvi upi usuluhishwe, yote hupita kwenye vile vikombe vidogo. Mimi nilijifunza mji ule kupitia jebena kuliko kupitia ofisi niliyofanyia kazi. Ila usiongeze chumvi ukafikiri kila kitu hapo ni kizuri: anayekaanga, anayetwanga na anayeosha vikombe ni mama au binti yake, na hakuna anayemhesabia kazi hiyo. Wewe ni kijana wa kiume, kusanya vikombe. Watakukataza. Kusanya tu. Na jambo jingine, Waethiopia hunywa wenyewe karibu nusu ya kahawa wanayolima. Sisi yetu nyingi hupanda meli kabla hatujajua ladha yake.

Nije kwenye lile la msiba, maana ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Umesema kaka wa mama mwenye nyumba alifariki, kesho yake akazikwa, turubai lilikuwa limesimama hata kabla hujajua kilichotokea, na hakuna aliyekupitishia daftari la mchango. Ukahitimisha kwamba ni watu wakavu.

Mwanangu, hukuona daftari kwa sababu michango ilishatolewa miaka mingi kabla ya kifo. Ile inaitwa iddir. Majirani hujiandikisha, wana mwenyekiti na mweka hazina, wana kanuni zilizoandikwa, kila mwezi kila kaya hutoa kiasi kilekile. Turubai, mabenchi, sufuria kubwa na sahani ni mali ya iddir, zimewekwa stoo zikisubiri. Msiba ukitokea hakuna anayembembeleza mtu. Wengine wanasimamisha turubai, wengine wanapika, wengine wanakaa na wafiwa, na asiyefika bila udhuru hutozwa faini. Mwislamu na Mkristo wa mtaa mmoja wanaweza kuwa katika iddir moja. Ndiyo maana ulimwona mama wa watu ameketi tu akilia. Kazi ya mfiwa huko ni kulia.

Kwetu je? Simu inapigwa usiku, kundi la WhatsApp linaundwa kabla ya alfajiri, mweka hazina anachaguliwa papo hapo, na majina ya waliotoa yanaanza kupandishwa ili wasiotoa waone haya. Kama marehemu ni Mkristo wa bara, mara nyingi mwili unasubiri, maana lazima azikwe kwao, na basi la kukodi na safari ya kilomita mamia vinaingia kwenye bajeti. Wao huzika haraka, Wakristo kwa Waislamu. Sisi tunamrudisha mtu kwenye kaburi la babu yake hata kama alihama akiwa na miaka mitano. Usiniulize lipi bora. Nimekaa kwenye misiba ya pande zote mbili, na najua kwamba ule mwendo mrefu wa kwenda kijijini huwakutanisha ndugu ambao wasingekutana tena. Pia najua familia ambazo hubaki na madeni.

Ninachokiona mimi ni kwamba kila watu wana mambo waliyoyafanya ya lazima na mengine wameyaachia hiari, na hapo ndipo nchi mbili hutofautiana kweli, si kwenye maandishi wala mapishi. Nidhamu ambayo wao wameupa msiba, sisi tumeipa harusi. Hakuna iddir duniani iliyojipanga kama kamati ya harusi ya Mtanzania: vikao vya kila wiki kwa miezi, kadi, ahadi, simu za kukumbushia ahadi, kamati ndogo ya vinywaji, kamati ndogo ya mapambo! Msiba tunauachia huruma, na huruma hufuata jina la mtu. Mwenye watu wengi huzikwa kwa kishindo, asiye na watu hubaki na majirani wachache. Ni kweli tuna vyama vya kufa na kuzikana mitaani mwetu, na ni vyema, lakini ni nani kati ya rafiki zako amejiunga na kimoja? Iddir nayo ina ukali wake. Asiyeweza kulipa anaweza kutolewa, na mgeni mjini huchelewa kupata pa kuingia. Upatu wa fedha hauna mjadala, wao wanauita equb na unakwenda vilevile, zamu kwa zamu.

Sasa nakuamuru, sikushauri. Utani wa kabila uache mpakani.

Wewe umekulia mahali ambapo Mchaga na Mpare wanatukanana asubuhi na kula pamoja mchana. Wahehe na Wangoni walipigana vita, wajukuu wao wakageuza vita kuwa utani, na leo mtani anaweza kulizuia jeneza njiani mpaka apewe chochote, na wafiwa wakacheka. Ni hazina, wala sijui nchi nyingi zenye kitu kama hicho. Huko usiijaribu. Vita ya Tigray, kaskazini mwa nchi yao, ilianza Novemba 2020 na ikasitishwa kwa makubaliano ya Pretoria, Novemba 2022, na damu iliendelea kumwagika katika maeneo mengine. Darasani kwako kuna watu waliozika ndugu kwa sababu ya jibu la swali ambalo wewe unaliuliza ukichekelea: wewe ni kabila gani? Usiliulize. Atakayetaka kukuambia atakuambia.

Na usijivune kwamba sisi ni watu wema zaidi. Nchi hizi mbili ziliulizwa swali lilelile zikajibu kila moja kivyake. Tanzania iliacha kuuliza kabila na dini kwenye sensa baada ya ile ya 1967, ikachukua Kiswahili, lugha ambayo haikuwa ya kabila lolote kubwa, na kuwapeleka vijana wa kaskazini shule za bweni za kusini. Ethiopia haikuwa na lugha isiyo na mwenyewe. Kiamhari kilikuja na mfalme, jeshi na wenye ardhi, na wengi wanakumbuka hivyo. Katiba yao ya 1995 ikayaandika mataifa yao waziwazi, hata ikayapa haki ya kujitenga. Sisi tulipata utulivu, nao una gharama: wewe mwenyewe huwezi kumsalimia bibi yako kwa lugha yake zaidi ya maneno mawili, na hakuna shule iliyokufundisha la tatu. Mtoto wa Oromia huanza darasa la kwanza kwa Kioromo. Nikiwasikia watu wetu wakisema Waethiopia wangeiga Tanzania tu, huwa nanyamaza, maana ni ushauri wa mtu asiyejua alianzia wapi.

Kuhusu mfungo, ni rahisi kuliko unavyodhani. Waorthodoksi hawali nyama, maziwa wala mayai Jumatano na Ijumaa, na kabla ya Pasaka hukaa hivyo siku 55. Agiza sahani ya mfungo, ile yenye mboga za kila namna juu ya injera, mkate wao mpana na laini, utashukuru. Wala usifikiri nchi nzima ni ya Kanisa. Sensa yao ya 2007 iliwahesabu Waislamu kuwa karibu theluthi moja ya watu, na wenzako waliosoma madrasa watakusimulia jinsi mfalme wa Uhabeshi alivyowapokea maswahaba waliokimbia mateso Makka.

Wakikuambia kwamba wao hawakutawaliwa, usibishane. Adwa, walipowashinda Waitaliano Machi 1896, ni jambo la kujivunia, na ile miaka mitano ya Waitaliano kuanzia 1936 wanaiita uvamizi, ambavyo ndivyo ilivyokuwa. Sisi tulipigana Maji Maji tukashindwa. Lakini Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipoundwa huko Addis mwaka 1963, Kamati yake ya Ukombozi iliwekwa Dar es Salaam. Mkumbushe mtu hilo kwa upole, kwenye kikombe cha tatu.

Kwa sasa fanya hivi. Hesabu siku 40 tangu yule kaka afariki. Wana arobaini kama sisi, wanaiita tezkar. Nenda, usingoje kadi. Shika mkono wako wa kulia kwa wa kushoto unapowasalimu wazee, na wakiingia wewe simama. Mtu akikata injera na kukulisha kwa mkono wake, fungua mdomo upokee. Kwetu watu wazima hulishana keki ya harusi tu, huko hulishana siku yoyote. Usijitie kinyaa.

Kisha, siku wakiwa wametulia, muulize mama mwenye nyumba kama kanuni za iddir yao zinamruhusu mpangaji kujiunga na ni kiasi gani kwa mwezi. Wewe bado una miaka miwili hapo. Niandikie jibu nijue cha kukutumia.

Mama yako