Kuhusu ile kamera

Silver Spring, Maryland

Mdogo wangu Hamadi,

Salaam nyingi. Huku sote wazima, baridi imeingia lakini tumeshaizoea. Mwanangu mkubwa ameongoza darasa zima kwa hesabu. Mwambie mama leo hii, kabla Bi Mwanaidi hajaanza habari za mjukuu wake.

Ombi lako la kamera ya kurekodia vichekesho vyako nimelipata, tena kupitia kwa mama. Hilo limeniuma. Tangu lini mimi na wewe tukatumiana wajumbe? Kabla sijakujibu, Baba mdogo akanipigia saa nane za usiku za huku, ananilaumu kwamba ndimi ninayekupa kichwa uache kazi ya bandarini ukahangaike na uhuni. Sikumrudishia neno, yule ni baba. Ila wewe nakujibu kwa kirefu, na barua hii msomee na yeye.

Kamera sinunui. Nitakulipia nauli ya Tanga hadi Dar, kwenda na kurudi, na pa kulala, kila mwezi, ili ukapande jukwaani kuchekesha watu. Na kazi ya bandari huachi.

Mtazame Wanda Sykes, mchekeshaji wa huku Marekani. Amekulia Maryland hii hii. Baada ya chuo cha Hampton aliajiriwa NSA, shirika la ujasusi la serikali, upande wa ununuzi na mikataba. Mwaka 1987 akapanda jukwaani kwa mara ya kwanza, kwenye shindano la vipaji mjini Washington. Je, aliacha kazi? Hakuacha. Mchana ofisini, usiku vilabuni, mpaka 1992 alipohamia New York, na huko nako akashika kazi kwa wachapishaji wa vitabu vya muziki, Hal Leonard. Mchekeshaji Chris Rock alimchukua kuwa mwandishi wa kipindi chake cha televisheni ya HBO mwaka 1997, miaka kumi tangu ile siku ya kwanza. Mwaka 1999 yeye na waandishi wenzake wakatwaa Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya huku. Baba mdogo asikie hapo: mshahara wa serikali ndio uliomlea yule mchekeshaji mpaka akasimama.

Sasa kazi yenyewe. Anza na dakika tano, si saa nzima. Watu wa kazi hii wanalenga vicheko kadhaa kwa kila dakika. Ziandike neno kwa neno, kisha angalia neno la kuchekesha limekaa wapi. Ukisema "Juzi shemeji alitujia na jeneza nyumbani, saa sita mchana", umeharibu: watu wanataka kucheka kwenye jeneza, na wewe bado unawatajia saa, wananyamaza wakusikilize. Sema "Juzi, saa sita mchana, shemeji akatujia nyumbani na jeneza." Kisha funga mdomo. Wengi wanaoanza wanaogopa ule ukimya mfupi, wanaanza sentensi nyingine na kukizima kicheko chao wenyewe.

Ukipanda, toa maiki kwenye stendi na uisogeze stendi nyuma yako, isikukinge. Usianze kwa kuomba radhi kwamba umechoka au hukujiandaa. Weka simu mfukoni irekodi sauti. Kesho yake sikiliza na daftari mkononi, weka alama kila walipocheka, na kata kila neno kabla ya hapo ambalo ukilitoa mzaha bado unaeleweka. Mwezi unaofuata rudi na dakika zilezile. Ukibeba mzaha mpya kila safari hutajua tatizo ni mzaha au ni wewe. Ukioneshwa taa, maana yake muda unakaribia kwisha. Malizia ushuke. Anayepitiliza anakula muda wa mwenzake na hawamwiti tena. Sasa kamera hapo ya nini? Simu uliyonayo inatosha.

Televisheni ni habari nyingine. Kwa vipindi vya usiku vya Marekani, anayeomba uandishi hupeleka sampuli kwanza: mizaha ya habari za siku na mawazo ya michezo mifupi, kwa sauti ya mtangazaji wa kipindi kile, si kwa sauti yake. Wengi wanakwama hapo, maana jukwaani wamezoea kujiandikia. Akishaajiriwa, sehemu kubwa ya anachoandika inatupwa siku hiyohiyo, na inabidi kesho aje na mingine bila kununa. Tamthilia za vichekesho huandikwa chumbani, watu wengi meza moja. Kisa hupangwa ubaoni tukio kwa tukio, mmoja anakwenda kuandika rasimu, waigizaji wanaisoma kwa sauti, na palipokosa kicheko panaandikwa upya. Kipindi cha nusu saa, ukitoa matangazo, ni kama dakika 22 tu.

Na usalama haupo. Wanda huyohuyo alipata kipindi chake kwenye televisheni ya Fox mwaka 2003, kikafutwa mwaka uleule. Mwaka 2023 chama cha waandishi wa filamu na televisheni wa huku, WGA, kiligoma kuanzia tarehe 2 Mei hadi 27 Septemba, kwa ajili ya malipo, idadi ya waandishi vyumbani na kompyuta kuandika badala ya watu. Walipata mengi, lakini miezi yote hiyo hapakuwa na mshahara. Ndiyo maana nakung'ang'aniza na bandari.

Kipaji unacho, Hamadi. Usiku ule wa hitma ya bibi ulipomwigiza fundi Saidi anavyopima ukuta kwa shubiri, Baba mdogo mwenyewe alicheka mpaka akatoka nje. Naukumbuka sana ule ua wetu, na wali wa mama.

Nauli ya kwanza naituma Ijumaa kwenye simu yako, si ya mama. Pesa ya bati za jikoni itakuja mwisho wa mwezi, fundi asilipwe kabla hajamaliza. Ukishashuka jukwaani nitumie rekodi nzima, na palipokuwa kimya usipakate.

Dada yako