Usinunue boksi zima: spana za kuanzia kwa anayejitengenezea gari nyumbani

Mteja akiingia dukani kwetu hapa Malindi kutafuta vifaa vya gari, jicho huenda kwanza kwenye lile boksi kubwa la vipande zaidi ya mia. Linapendeza, hatukatai, na tunaliuza. Lakini ukilifungua, vipande vingi ni vichwa vya bisibisi na soketi (vikombe vya chuma vya kuvisha nati) ndogondogo ambazo huenda usiziguse maisha yako yote. Pesa hiyo hiyo ingekupa vifaa vichache vya chuma kizuri, na hivyo ndivyo tunavyopenda uondoke navyo.

Anza na gari lako mwenyewe. Magari mengi ya hapa ni ya Kijapani, na namba za spana zake, yaani upana wa nati kwa milimita, hazina mambo mengi: 10, 12, 14, 17 na 19, kisha 21 ya nati za magurudumu. Mwenye pikipiki au tuktuk aongeze 8 na 13. Wenye Land Rover za zamani wawe macho, kwa sababu nyingi zina nati za inchi. Spana namba 13 huingia kwenye nati ya nusu inchi, ambayo ni milimita 12.7, lakini inacheza. Ukiivuta kwa nguvu, inakula pembe za nati.

Sasa soketi, na hapa tunakuomba usiwe na haraka. Chungulia ndani ya mdomo wake. Ziko za pembe 12 na ziko za pembe 6. Ya pembe 12 hushika nati karibu na ncha za pembe zake. Ya pembe 6 hulala kwenye ubavu wa nati, kwa hivyo haitelezi ovyo. Penye hewa kavu pengine usingeona tofauti. Kwetu sisi upepo wa bahari unakula chuma mchana na usiku, na magari yanayotujia kutoka Gongoni na Marereni, kwenye mashamba ya chumvi, nati zake za chini huwa zimevaa kutu mpaka huoni pembe. Nunua za pembe 6, na kama ni gari uchukue za nusu inchi, yaani kipimo cha tundu la mraba la kuchomekea mpini, si cha nati.

Nati ya namna hiyo ipige brashi ya waya, itie mafuta ya kulegeza kutu na uiache ilale. Asubuhi igonge kidogo kwa nyundo, kisha ijaribu kwa upande wa ringi wa spana, si ule ulio wazi. Ule wazi ni wa kuzungushia nati ambayo tayari imelegea. Na tafadhali usichomeke paipu kwenye racheti, ule mpini wa soketi wenye meno ndani, ili upate nguvu: meno hayo yatakatika. Kuna mpini mrefu usio na meno, umetengenezwa kwa kazi hiyo, na bei yake si ya kutisha.

Maandishi ya Chrome Vanadium, jina la aina ya chuma kigumu, ni dalili nzuri, ila kuyachapa ni rahisi, kwa hivyo usiyategemee peke yake. Pitisha kidole ndani ya soketi. Ukisikia mikwaruzo, au ukiona rangi ya fedha inabanduka, irudishe.

Bisibisi ya nyota na ya bapa, plaisi moja, nyundo moja, vinatosha kwa kuanzia. Skrubu nyingi za nyota kwenye pikipiki za Kijapani zimechongwa kwa kipimo chao cha JIS, na bisibisi ya kawaida huruka na kuziharibu. Ziko bisibisi zake, uliza.

Kitu kimoja hatutaki ukikwepe: stendi mbili za chuma za kuegemeza gari. Jeki ni ya kuinulia tu. Mawe ya kujengea yanapasuka ghafla chini ya uzito, na kwa jambo hili hatuna mzaha na mtu yeyote, hata kama amekuja kununua spana moja tu.

Ukimaliza kazi, futa kila kifaa kwa tambara lenye oili kidogo kabla ya kukiweka.

Kama hujui namba zako, njoo na gari au pikipiki mpaka mlangoni. Tutazijaribu soketi kwenye nati zako kabla hujatoa pesa, na utalipia zile tu ulizoona zimekaa barabara.