Silikoni si dawa ya tapeti kava

Mhariri,

Naomba nafasi niseme juu ya mazoea yaliyoota mizizi katika gereji nyingi hapa Dodoma. Gari la zamani likianza kuvuja oili juu ya injini, fundi anakaza nati za tapeti kava, yaani kifuniko cha juu ya injini. Isipokata, anapaka silikoni pembeni kwa nje. Baada ya wiki chache oili inarudi, na mwenye gari anaambiwa injini imechoka.

Mara nyingi kilichochoka ni gasketi tu. Mpira wake ukiwa mpya hubonyea na kuziba nafasi kati ya kava na silinda hedi, sehemu ya juu ya injini inayofunikwa na kava hilo. Ukipikwa na joto miaka kumi na kitu, unakakamaa na kulala bapa. Ukiuvua unakatika vipande kama biskuti. Kukaza zaidi hakuurudishii ulaini, kunapinda kava na kukata stadi, yaani bolti zinazoshika nati. Kwenye injini ya Toyota 4A-FE, nati za kava zinahitaji nyutoni mita 6 hivi. Hiyo ni nguvu ya kifundo cha mkono, si ya bega.

Kabla ya kununua spea, hakikisha oili inatokea wapi. Vumbi letu hili likikutana na oili linakuwa tope linalofunika injini nzima, na kwa kuwa oili hushuka, tone la mwisho huonekana kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Ndiyo maana watu wanashushiwa giaboksi kubadilishiwa sili ya nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini) ilhali mvujo uko juu. Osha injini, ikauke, endesha hadi Chamwino, jirani na Dodoma, na urudi, kisha mulika kwa tochi ukianzia juu. Ukikuta oili kwenye mashimo ya plagi, sili za mashimo hayo nazo zimekwisha. Oili hiyo huharibu mpira wa koili (kifaa kinachoipa plagi umeme) au wa waya za plagi, na gari likaanza kumisi, yaani kuunguruma kwa kukatakata.

Kazi yenyewe ifanywe injini ikiwa imepoa. Weka alama kwenye waya au koili kabla ya kuzing'oa. Mipira ya hewa ivutwe taratibu, kwa sababu ya zamani hupasuka. Oili iliyotuama kwenye mashimo ifyonzwe kwa kitambaa kabla ya kugusa plagi, la sivyo inamwagikia ndani ya silinda. Kwenye Toyota nyingi spana namba 10 inatosha. Kava likigoma, gonga ubavuni kwa nyundo ya mpira. Bisibisi ikipenyezwa inachimba aluminiamu, na hapo umejitengenezea njia mpya ya kuvuja. Msasa pia usiguse hapo. Kwangua mabaki kwa kipande cha plastiki, futa kwa dawa ya kusafishia breki hadi pawe pakavu kabisa.

Gasketi mpya ya mpira inakaa kavu kwenye mfereji wa kava. Silikoni ina sehemu yake, lakini ni ndogo: tone la milimita 3 hivi kwenye kona, pale kepu ya kamshafti (shafti inayofungua vali) inapokutana na silinda hedi. Ukijaza, ziada inaminywa kwenda ndani, inabanduka, inashuka kwenye sampu na kuziba chujio la oili pampu. Presha ya oili ikikata, injini iliyosingiziwa kuchoka inakufa kweli. Kaza kuanzia katikati kwenda pembeni kwa mizunguko miwili au mitatu, na washa za mpira zilizo chini ya nati zibadilishwe pia. Kabla ya kuwasha, iache silikoni ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye tyubu yake.

Kuna kitu karibu kila fundi anakiruka: vali ya PCV, inayotoa mvuke wa injini na kuurudisha kwenye manifodi, njia ya hewa kuingia kwenye injini. Ikiziba, presha inajaa ndani na kusukuma oili nje, hata kupitia gasketi ya jana. Ichomoe uitikise. Isipolia, mara nyingi imeganda kwa uchafu; isafishe au ibadilishe.

Wenye magari, ombeni mrudishiwe gasketi ya zamani mkononi. Mkionyeshwa tyubu tupu ya silikoni, msilipe.

Fundi magari,
Nkuhungu, Dodoma