Malalamiko kuhusu tovuti yenu ya kukatia tiketi

Steshenari ya karibu na stendi,
Makambako, Njombe.
7 Julai 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Makao Makuu ya Kampuni,
Dar es Salaam.

YAH: TOVUTI YA TIKETI INAYOWASHINDA ABIRIA, NA MADAI YA NAULI ILIYOKATWA MARA MBILI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi nina duka la steshenari hapa Makambako. Natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti, na siku hizi nawakatia watu tiketi za mabasi yenu kwenye tovuti kwa shilingi 1,000. Wengi wanaokuja wana simu janja mkononi, wana bando, na hela iko kwenye M-Pesa au Airtel Money. Wanakuja kwangu kwa sababu wamejaribu wenyewe wakakwama. Kwa maana hiyo ubovu wa tovuti yenu unanilisha, na kibiashara ningenyamaza tu. Lakini mwezi uliopita mlimkata mama mmoja nauli mara mbili, na hilo siwezi kulinyamazia.

Mama huyo, mkulima wa viazi, alikuwa anamkatia mwanawe tiketi ya Dar es Salaam. Alijaza fomu, akachagua kiti, ujumbe wa kuweka namba ya siri ukaja, akaweka. Hela ikatoka na SMS ya kuthibitisha ikaingia. Aliporudi kwenye ukurasa wenu alikuta maandishi haya tu: "Error 500". Tiketi hakuna, namba ya kumbukumbu hakuna, wala namba ya kupiga kuuliza. Yeye alielewa kwamba amepungukiwa shilingi mia tano. Akaongeza salio, akaanza upya, akalipa tena. Ndipo tiketi ikaja, moja. Nauli ya kwanza iko kwenu mpaka leo.

Tafadhali msimcheke. Hiyo 500 ni lugha ya seva, inawaambia mafundi wenu kwamba kuna kitu kimeharibika huko ndani. Abiria haimhusu. Yeye alipaswa kuambiwa kwamba malipo yamepokelewa, tiketi inachelewa, asilipe tena, na nusu saa ikipita bila kuipata apige namba fulani. Mfumo nao ulipaswa kushtuka ulipoona simu ileile inalipia basi lilelile muda mfupi baadaye, ukamuuliza kabla ya kukata. Nilisoma TEHAMA kidogo, kwa hiyo najua sidai miujiza: Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia mifumo, alipoorodhesha kanuni zake 10 za kupima urahisi wa mifumo, mwaka 1994, ya kwanza kabisa ilikuwa kwamba mfumo umjulishe mtumiaji kila wakati kinachoendelea.

Suala la saa nalo limeshawaachisha watu mabasi. Kwenye ukurasa wa Kiswahili mmeandika "Kuondoka 12:00, kufika 18:00". Anayeijua barabara hiyo anajua hakuna basi linalotoka Makambako likafika stendi ya Mbezi, Dar es Salaam, kwa saa sita, lakini abiria mgeni atajuaje? Saa ya kuondoka mmeihesabu kwa Kiswahili, ya kufika mmeihesabu kizungu, zote kwenye mstari mmoja. Mtu anakuja stendi mchana na begi lake, basi limeshaondoka alfajiri, halafu karani wenu anamwambia tiketi hairudishwi. Kuandika "saa 12:00 asubuhi" na "saa 12:00 jioni" kunagharimu nini?

Nikija kwenye viti, ramani yenu imechorwa kwa ajili ya kioo cha kompyuta ya ofisini. Kwenye simu vinakuwa vidogo kama punje za mtama. Unagusa kiti cha 7, kinashikwa cha 11. Ukitaka kuvuta ukurasa uwe mkubwa, mmezuia. Mwongozo wa WCAG 2.2, wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, uliotolewa Oktoba 2023 na W3C, shirika la viwango vya tovuti duniani, unataka kitu cha kuguswa kisipungue pikseli 24 kwa 24, au kiwe na nafasi ya kutosha kukizunguka. Unasema pia rangi isiwe njia pekee ya kutoa taarifa. Ninyi kiti kilichochukuliwa ni chekundu, kilicho wazi ni kijani, basi. Asiyetofautisha rangi hizo, na wapo, anabahatisha. Wekeni hata alama ya X.

Fomu inadai namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Ya nini kwa safari ya ndani, mtanieleza, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa zinazokusanywa zisizidi zile zinazohitajika. Halafu kitambulisho chenyewe kimeandika tarakimu 20 zikiwa zimetenganishwa kwa vistari, na ninyi vistari mnavikataa. Mtu ananakili kilekile alichopewa na serikali, anajibiwa "taarifa si sahihi", bila kutajiwa kisanduku kipi, na kila alichojaza kinafutika. Namba ya simu hivyohivyo: akianza na 07 mnaikataa, mnataka 255, lakini hakuna mahali mlipoandika hivyo. Kuondoa kistari au kubadili sifuri ni kazi ya kompyuta. Msimbebeshe abiria.

Sitasema mengi kuhusu ukurasa wa mwanzo. Video ya basi jipya inajicheza yenyewe na kumaliza bando la mtu, kisha salamu za mkurugenzi zinafunika kioo kizima. Sehemu ya kukata tiketi iko chini ya vyote hivyo. Basi tumeshaliona, linapita hapa kila siku.

Naomba kwanza mama yule arudishiwe nauli yake kwenye namba ileile aliyolipia. Nimeambatanisha nakala za SMS zote mbili za malipo pamoja na tiketi. Pili, saa na ujumbe wa malipo virekebishwe sasa, kwa kuwa hivyo ni maneno tu ya kubadilisha. Viti na fomu naelewa vitachukua muda. Na kabla hamjamlipa fundi kutengeneza tovuti nyingine, mtumeni aje stendi. Awaombe abiria watano wakate tiketi kwa simu zao wenyewe, akae pembeni bila kuwasaidia, aandike kila mahali wanapokwama. Kiti cha kukalia nitampa.

Nikikaa siku 14 bila majibu kuhusu fedha za mama huyu, malalamiko haya nitayapeleka LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, na nakala kwa baraza la watumiaji, LATRA CCC. Tiketi za mtandao zililetwa, pamoja na mengine, ili abiria asilanguliwe nauli pale stendi. Mama huyu amelipa nauli mbili bila kukutana na mpiga debe hata mmoja.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwenye steshenari,
Makambako.

Viambatanisho: nakala mbili za SMS za malipo, nakala moja ya tiketi.